Arobaini mbili za mtoto njiti

Arobaini, yaani zile siku 40 ambazo mzazi hukaa ndani akikandwa, akipikiwa uji na mchuzi na kupokelewa mtoto ili apate kulala, ni utaratibu wenye busara kubwa kuliko wanavyodhani wale wanaouona kuwa mila iliyopitwa na wakati. Kasoro yake ni kwamba uliwekwa kwa kumfikiria mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni. Mtoto njiti, ambaye kitaalamu ni yule aliyezaliwa kabla ujauzito haujafika wiki 37, ana arobaini nyingine, nayo ni ya wiki, inayohesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ya mama na kukoma siku ambayo mtoto huyo angetarajiwa kuzaliwa. Aliyezaliwa Machi 1 akiwa wa wiki 30 hutimiza arobaini ya siku kwenye Aprili 10, ilhali arobaini yake ya wiki haitimii hadi Mei 10, na katika mwezi huo mmoja ulio katikati, shangazi na bibi waliokuja kusaidia wameshafunga mizigo yao na kurudi makwao.

Mara nyingi ni katika kipindi hicho hicho ambapo hospitali humruhusu mtoto. Ruhusa ya mtu mzima huashiria kupona, lakini njiti huruhusiwa kwa vigezo vyembamba zaidi: kwamba anapumua bila kusaidiwa, ananyonya au kunywa kwa kikombe, joto lake halishuki akiwa kifuani mwa mama, na uzito wake umepanda kwa siku kadhaa mfululizo. Kazi ya wodi haijaisha, isipokuwa imehamia nyumbani, na iliyokuwa ikifanywa na wauguzi wanaopokezana zamu asubuhi, jioni na usiku sasa inamwangukia mwanamke mmoja ambaye zamu yake haina wa kuipokea.

Uzito wa kazi hiyo huonekana vizuri zaidi katika hesabu ya maziwa. Mtoto wa kilo 1.5, akipewa mililita 160 kwa kila kilo ya uzito wake, huhitaji mililita 240 kwa siku, ambazo zikigawanywa kwa milo 12 ya kila baada ya saa mbili huwa mililita 20 kwa mlo, sawa na vijiko vinne vya chai. Vijiko vinne vya chai ni kitu kidogo kwa anayetazama kwa mbali. Kwa anayelisha, kila mlo una maana ya kunawa mikono, kukamua maziwa, kuchemsha kikombe kidogo, kumwinua mtoto kichwa kikiwa juu, kisha kugusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini na kusubiri aanze kulamba mwenyewe, kwa kuwa akimiminiwa anaweza kupaliwa. Naye, kwa uchovu wa kulamba tu, husinzia kabla hajamaliza kijiko cha pili na kulazimika kuamshwa kwa kufikichwa unyayo. Mlo mmoja ukichukua dakika 45, siku nzima ina saa tisa za kulisha, kabla ya nguo hata moja kufuliwa.

Saa zinazobaki ni za joto. Mafuta ya chini ya ngozi, ambayo humkinga mtoto na baridi, hujengeka kwa wingi katika wiki za mwisho za ujauzito, na kwa hiyo aliyezikosa hupoteza joto haraka hata katika chumba ambacho mtu mzima anatokwa jasho. Tiba iliyo bora haihitaji mtambo: ni matunzo ya kangaruu, yaliyoanzishwa mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, na madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez, ambapo mtoto aliyevaa nepi na kofia tu hulazwa wima kifuani, ngozi kwa ngozi, na kufungwa kwa khanga. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuanza utaratibu huo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo miongoni mwa watoto wenye uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza ufanyike kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, hospitalini na nyumbani pia. Ngozi ya baba hutoa joto kama ya mama, jambo ambalo wanaume wengi hawajaambiwa na wengine wameambiwa wakajifanya hawakusikia. Linaloogofya ni mbadala unaotumika pale kifua kinapokosekana, yaani jiko la mkaa kuingizwa chumbani na dirisha kufungwa, kwani hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na mapafu ya njiti hayana akiba ya kupambana nayo.

Kwa upande wa sheria, ni haki kukiri kwamba dola imeijua arobaini ya wiki mapema kuliko familia nyingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku tatu, bila kumtaja njiti. Lakini katika Mei Mosi ya mwaka 2024 jijini Arusha serikali ilitangaza kwamba muda wa kumwangalia njiti hadi atimize wiki 40 hautahesabiwa ndani ya likizo ya uzazi, na kwamba baba atapata siku saba, na mwaka 2025 marekebisho ya sheria za kazi yakaanza kutumika. Hilo ni jema, ingawa siku saba za baba zinaweza kwisha mtoto akiwa bado wodini, kabla hajapata hata nafasi ya kufungwa khanga. Tena sheria ya ajira humfikia mwenye mwajiri, na mama lishe anayeishi kwa mauzo ya siku hana wa kumwomba likizo, sawa na mkulima ambaye mtoto wake amekuja katikati ya palizi.

Kwa akina mama hao, msaada unaoweza kufika mlangoni ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kada ambayo serikali ilizindua mpango wake mwezi Januari 2024 kwa lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Maoni ya safu hii ni kwamba njiti aliyeruhusiwa awe wa kwanza katika orodha ya kutembelewa, kila wiki hadi afikishe kilo 2.5, na kwamba mhudumu huyo aje na mizani, kwa sababu jicho la mama aliyekesha haliwezi kutofautisha mtoto aliyeongezeka gramu 100 na aliyepungua gramu 50. Aje pia kuhakikisha kwamba watu wote wa nyumba hiyo, siyo mama peke yake, wanazijua dalili za hatari: mtoto kuacha kunyonya, kupumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kubonyea ndani, kupumua kusita, mwili kuwa wa baridi au wa moto, degedege, kulegea asiamshike. Njiti huweza kuzidiwa katika muda wa saa chache, na nyumba inayongoja kupambazuke huchelewa.

Na kadi ya kliniki iandikwe tarehe mbili. Mtoto wa Machi 1 huchomwa chanjo za wiki sita Aprili 12, kwa kuwa chanjo hufuata siku ya kuzaliwa, ilhali kukaza shingo, kutabasamu na kukaa hupimwa kwa umri uliorekebishwa, yaani ule unaohesabiwa kuanzia ile Mei 10, hadi atimize miaka miwili. Akipelekwa kliniki Julai 1, kwa tarehe ya kwanza ana miezi minne na shingo isiyokaza inatia wasiwasi. Kwa tarehe ya pili ana wiki saba na siku tatu, na shingo hiyo ingali na muda wake. Kuiandika tarehe hiyo ya pili hakuhitaji bajeti, unatosha wino wa kalamu ya muuguzi siku ya ruhusa.