Mgeni Rasmi na Beti Zilizokatwa

Wapenzi wa lugha tumeandika mengi kuhusu vina na mizani, lakini machache mno kuhusu adui mkubwa wa shairi la jukwaani, naye ni saa. Sisemi saa ya ukutani. Nasema saa ya mgeni rasmi.

Hebu tuzitazame hafla zetu za kawaida, yawe mahafali ya shule, uzinduzi wa kitabu au maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai. Kadi inasema watu wawe wameketi saa tatu asubuhi. Wanafunzi wamepangwa uwanjani tangu saa mbili, jua likiwapiga utosini. Mgeni rasmi anawasili saa sita. Muda ukishaliwa hivyo, pa kufidia hutafutwa, wala hapatafutwi katika hotuba au katika utambulisho wa meza kuu. Mshereheshaji humwinamia mshairi na kumnong'oneza: "Mwalimu, tusomee beti mbili tu."

Beti mbili za shairi la beti kumi na mbili! Nani angethubutu kumwomba mgeni rasmi asome aya mbili za hotuba yake?

Asiyetunga huenda asione ubaya. Lakini shairi si fungu la machungwa sokoni, kwamba ukiondoa mawili yaliyobaki hayadhuriki. Beti za mwanzo aghalabu huomba idhini na kutaja jambo. Hoja yenyewe huja baadaye. Katika ngonjera hasara ni kubwa zaidi. Marehemu Mathias Mnyampala alipoieneza bahari hii katika miaka ya 1960, aliisimamisha juu ya mabishano: mmoja hushikilia upotovu, mwenzake humjibu, hadi wakubaliane mwishoni. Ikikatwa katikati, aliyepotoka huondoka jukwaani hajajibiwa. Nimewahi kushuhudia watoto waliojiandaa kwa majuma matatu kwa ngonjera ya kupinga utoro wakisimamishwa pale pale mtoro alipomaliza kuusifu utoro wake. Watu wakapiga makofi.

Lugha nayo imeajiriwa kuficha mambo. Mwanafunzi akifika baada ya kengele, amechelewa. Mgeni rasmi hachelewi kamwe. Yeye "amebanwa na majukumu", au "yuko njiani", na njia ipi hatuambiwi. Ratiba yenyewe huandikwa "Mgeni rasmi kuwasili", "Wageni kutambulishwa". Kitenzi kisicho na kiambishi cha njeo hakiwezi kuchelewa.

Wapo wanaojitetea kwa "saa za Kiafrika". Dai hilo nalikataa, na silikatai kwa upole. Kiswahili huhesabu saa za mchana tangu mapambazuko, ndiyo maana saa moja yetu ni asubuhi. Mvuvi wa pwani hutoka kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji, na muadhini hangoji msafara wa magari. Tulijua kutunza wakati kabla ya kuzijua meza kuu.

Hata hivyo, si haki kumtwika mgeni lawama zote. Waandaaji wengi humwandikia yeye saa tano na umma saa tatu, kwa kuwa itifaki inataka akute watu wamekwisha kaa. Umma nao ukishaing'amua hila hiyo hufika saa nne. Basi mwaka unaofuata kadi huandikwa saa mbili. Katika mchezo huu anayeadhibiwa ni yule anayefika kwa saa iliyoandikwa, na mara nyingi ni mtoto, kwa sababu yeye hana hiari. Ametolewa darasani, ameambiwa asimame.

Nina pendekezo kwa washairi wenzangu. Tukialikwa, tuulize mapema zamu yetu ni saa ngapi na tumepewa dakika ngapi, kisha tutunge kwa kipimo hicho. Shairi refu kupita muda wake ni kosa letu wenyewe. Saa hiyo ikifika tupande jukwaani, kiti cha katikati cha meza kuu kiwe na mtu au kiwe kitupu. Mgeni akiingia tukiwa ubeti wa saba, tuumalize, watu wasimame kumlaki kwa heshima zote zinazomstahili, aketi. Kisha usomwe ubeti wa nane.