Mabomu Yasiyopata Habari ya Amani

Juma hili twataka kuwapeleka mpaka Misri, mahali paitwapo El Alamein, pwani ya Bahari ya Mediterania, kilometa 100 na kidogo kutoka mji wa Alexandria. Wazee wetu wengine walilijua jina hilo, maana askari wa Force Publique waliotoka Kongo walifika Misri mwaka 1943, mapigano yalipokwisha kuhamia mbali.

Pigano kubwa lilianza usiku wa tarehe 23 Oktoba 1942. Kaskazini ilikuwa bahari. Kusini lilikuwa bonde la Qattara, ambalo vifaru haviwezi kulipita. Katikati ilibaki nafasi ya kilometa 60 hivi tu, na majeshi ya pande zote mbili yaliiziba kwa mabomu yaliyofukiwa mchangani. Wajerumani waliviita viwanja vyao Bustani za Shetani. Bomu la kuvunja vifaru lilifanana na sahani nene ya chuma, nalo lilibeba kilo 5 hivi za baruti kali. Jingine, dogo zaidi, liliwangojea watu: lilipokanyagwa liliruka juu kufikia kiuno, kisha likapasuka na kutawanya vipande vya chuma pande zote.

Vita vikaisha mwaka 1945. Walio hai wakarudi makwao. Waliokufa wakalala palepale, na katika makaburi ya Waingereza na wenzao peke yake wamo zaidi ya 7,000. Lakini mabomu hayakupata habari ya amani. Upepo umeusogeza mchanga, alama zimefutika, na hewa kavu ya jangwa huvitunza vyuma. Mwaka 2012 zilienea habari za ndege ya kivita iliyoonekana katika jangwa la magharibi ya Misri, karibu nzima, tangu ilipoanguka mwaka 1942. Hewa iliyoitunza ndege hutunza baruti vilevile.

Je, nani ameyalipia mabomu hayo? Si majemadari waliotoa amri. Ni Wabedui wachungao mbuzi na ngamia, na wakulima watafutao mahali pa kupanda mitini. Wengine wameumia wakiokota vyuma chakavu ili wapate fedha kidogo za kulisha nyumba zao. Tusiwacheke, wala tusiwaite wapumbavu: njaa humfanya mtu aguse kitu ambacho mwenye shibe angekikimbia.

Wahenga walinena: majuto ni mjukuu. Huko El Alamein neno hilo si mfano tena. Mjukuu mwenyewe ndiye aliyekatwa mguu kwa ugomvi ambao hata babu yake hakuwa na sehemu ndani yake. Misri imezidai mara nyingi nchi zilizopigana pale zisaidie gharama za kuyaondoa, na sehemu kubwa za ardhi zimesafishwa. Lakini kazi ni ya polepole: kufukia bomu ni jambo la dakika chache, kulifukua kwataka mtu mwenye ujuzi, apigaye magoti na kuupima mchanga hatua kwa hatua.

Twawaandikia habari hizi kwa sababu Kongo nayo imeonja vita, na mabaki yake yangali yakionekana mashambani na njiani. Nchi yetu iliingia mwaka 2002 katika mkataba wa kukataza mabomu ya kufukiwa, uliofanywa mwaka 1997. Hilo ni jema, lakini mkataba haumlindi mtoto aliye peke yake porini. Basi, akina baba na akina mama, wafundisheni watoto wenu maneno haya machache: chuma usichokijua usikiguse, usikipige jiwe, usikilete nyumbani, rudi kwa njia uliyojia, ukawaambie wakubwa. Nasi wakubwa, tukisha kuambiwa, tusikawie kuwapasha habari wenye kazi hiyo, wala tusiwaache watoto wa jirani wapite pale bila kuonywa.