UFUGAJI WA NYUMBANI: JOGOO MWEKUNDU, VIFARANGA WEUSI

Wazee husema: mtoto wa nyoka ni nyoka. Hawakusema kwamba mtoto wa jogoo mwekundu ni mwekundu, nao walifanya vema kunyamaza.

Hapa Sakania baba mmoja alinunua jogoo wa Rhode Island, mwekundu kama tofali lililochomwa, kwa fedha aliyoiweka akiba miezi mingi. Akamtia bandani pamoja na makoo wake weusi, akamwagiza mkewe asiufungue mlango kwa jogoo mwingine yeyote. Makoo wakataga, wakaatamia, na siku ya 21 vifaranga wakatoka: weusi wote! Baba huyo akatujia amekunja uso.

“Mwalimu, jogoo wangu ni mwekundu. Mama huyu alimwachia jogoo wa jirani aingie.”

Mama alikuwa nyuma yake, macho yamevimba kwa kulia.

Tukamwuliza: “Baba, makoo walikaa muda gani peke yao na jogoo huyu kabla hujaweka mayai ya kuatamia?”

“Mwezi mzima.”

Swali hilo lina maana. Koo huweza kutaga mayai yenye mbegu ya jogoo wa kwanza majuma mawili na zaidi baada ya kutengwa naye. Kwa hiyo yafaa kungoja majuma matatu. Huyu alikuwa amengoja vya kutosha, na mkewe hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kutojua sheria ya rangi.

Sheria hiyo iligunduliwa na mtawa wa Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, katika bustani ya monasteri ya Brno, mji ulio leo katika nchi ya Ucheki. Alipanda njegere miaka mingi, akahesabu kila mbegu, akachapisha maandiko yake mwaka 1866. Watu hawakuyajali mpaka mwaka 1900, naye alikuwa amekwisha kufa mwaka 1884. Mwaka 1902 Mwingereza William Bateson akaonyesha kwamba kuku nao hufuata sheria ile ile.

Nayo ni hii. Kwa kila sifa ya namna hii kifaranga hupokea fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama. Mafungu yakitofautiana, mara nyingi moja hulifunika jingine. Weusi wa koo aliye mweusi kwa asili huufunika wekundu wa Rhode Island. Labda manyoya machache mekundu yataonekana shingoni baadaye. Lakini wekundu haukupotea: umefichwa tu. Vifaranga hao wakikua na kuzaana wao kwa wao, karibu robo ya watoto wao hawatakuwa weusi. Na majike hao wakipandwa na jogoo mwekundu mwingine, asiye baba yao, karibu nusu ya watoto hawatakuwa weusi. Ni hesabu ya vifaranga wengi. Usitazamie kuikuta sawasawa katika mtotoo mmoja. Kadhalika kuku wawili weusi huweza kuzaa kifaranga mweupe, ikiwa wote wawili wameuficha weupe wa namna fulani.

Tena hapa kwetu ni mpakani. Reli ilifika Sakania mwaka 1909, na Walamba na Walala wanaishi pande zote mbili za mpaka. Ukinunua koo sokoni, ni nani awezaye kukutajia babu zake?

Iko njia moja ya rangi yenye faida kubwa. Chukua jogoo mwekundu wa Rhode Island na koo wa Plymouth Rock, yule mweusi mwenye milia myeupe. Vifaranga wote hutoka weusi, lakini wa kiume wana doa jeupe utosini, na wa kike hawana. Siku ya kwanza tu unajua yupi atataga na yupi ni wa kuuza au wa kitoweo. Sababu ni kwamba koo huwapa milia yake wanawe wa kiume tu. Ukigeuza, yaani jogoo awe mwenye milia halisi na koo awe mwekundu, vifaranga wote watakuwa na milia, na hutatambua kitu kwa rangi hiyo. Basi, anayekuuzia vifaranga “wa kike watupu”, mwulize kwanza baba alikuwa nani na mama alikuwa nani.

Kuku wa shingo tupu naye ana sheria yake. Akiwa amepokea fungu moja tu, hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Akipokea mawili, shingo huwa wazi kabisa. Manyoya machache humsaidia wakati wa joto, lakini katika usiku wa baridi wa Juni na Julai vifaranga wake wahitaji banda lisilopitisha upepo.

Hata hivyo, rangi si mayai. Koo mweusi aweza kutaga kumpita mwekundu. Mtie kila koo alama mguuni, uandike mayai yake katika daftari, na uchague kwa daftari, si kwa macho.

Yule baba alifuata shauri letu. Akaazima jogoo mwekundu kwa ndugu yake, akampa majike weusi aliowakuza. Miezi ikapita, kisha akatuita bandani kwake. Chini ya koo mmoja mweusi walikuwamo vifaranga weusi na wekundu pamoja. Akawatazama kwa muda, kisha akamgeukia mkewe mbele yetu: “Mama, nilikusingizia. Unisamehe.”

Enyi akina baba, kabla ya kumshtaki mtu wa nyumbani mwenu, ulizeni kwanza yaliyofichika. Mara nyingi hayo hutokea katika kizazi cha pili.