Mlituandikiani mwaka ule?

Mwezi uliopita nilikuwa Kitale. Nilikwenda kwa harusi ya mtoto wa sahibu yangu, nayo harusi ikesha siku mbili kabla ya siku ya basi langu. Nikawa mtu asiye na kazi katika mji wa baridi, na koti lenyewe la kuazima. Baada ya sala ya Alasiri mwenyeji wangu akanichukua kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya magari, akasema, "Njoo nikukutanishe na mtu wa kwenu."

Huyo mtu wa kwetu alikuwa Mbukusu wa miaka sabini na kitu. Lakini alipofungua kinywa nilisikia Kimvita, tena cha Likoni hasa. Alikuwa mwashi. Alijenga nyumba za watu Likoni kwa miaka ishirini, hata ilipofika tarehe 13 Agosti mwaka 1997, usiku kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa, na siku zilizofuata wabara wakawa wanafukuzwa, wengine wakiuawa. Yeye alikimbilia kanisani na wanawe watatu, kisha akapanda feri na godoro moja kichwani, asirudi tena. Watu wapatao mia moja walikufa katika machafuko yale, na kama laki moja wakahama makwao. Mzee aliyasimulia haya kwa utulivu, huku akipuliza chai yake.

Mwenyeji wangu, kwa nia njema tu, akamwambia kuwa mimi ni malenga. Mzee akaweka kikombe chini.

"Maalim," akasema, "mwaka ule nyinyi washairi wa Mombasa mlituandikiani?"

Wasomaji wangu, sikuwa na pa kutokea. Si kwamba sikuandika. Niliandika beti saba, zikachapishwa, na watu wakanipongeza msikitini. Zilisema amani ni tunu, fitina ni moto, na kwamba sote tu wana wa Adamu. Likoni haimo, feri haimo, mwashi hayumo. Aliyeua hayumo na aliyeuawa hayumo. Ungeliweza kuzipeleka Beirut au Belfast zikasomwa kama zilivyo. Nilimwambia hivyo hivyo. Akatabasamu, akasema, "Hiyo, Maalim, ni chai ya majani yaliyokwisha kuchemshwa jana."

Jibu lile lilinikera kwa kuwa ni kweli, na pia kwa kuwa kwa wakongwe wetu halikuwa kweli. Hemedi bin Abdallah wa Buhriy alipotunga utenzi juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima, alitaja watu na miji. Abdul Karim bin Jamaliddini alifanya vivyo hivyo kwa vita vya Maji Maji. Naye Muyaka bin Haji, Mombasa ilipokabiliana na Sayyid Said, hakutunga juu ya amani kwa jumla. Alijua anamwambia nani na kwa nini. Sisi tulisoma chuoni habari za Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume, tukasoma na Suratu Shuaraa inayowaonya washairi wanaotangatanga kila bonde wakisema wasiyoyatenda. Onyo hilo mimi nimelihifadhi tangu utoto. Sikulidhania kuwa linanihusu.

Sasa tazama wenzetu wa huku. Wabukusu wana litungu, chombo cha nyuzi saba au nane, na wana kumuse, hotuba inayotolewa baada ya maziko ya mzee mwenye heshima. Msemaji husimama na fimbo yake, akaenda huku na huko mbele ya umati, na akisema yeye hakuna wa kumkatiza. Husimulia koo zilikotoka, vita gani zilipigana, nani alikosea, na nani hajapatanishwa na nani. Manguliechi ndiye aliyekuwa na sifa kubwa katika kazi hiyo, hata wasomi wa vyuo vikuu wakaandika juu ya hotuba zake.

Katika habari hizo Chetambe haikosi. Ni ngome iliyokuwa kilimani karibu na Webuye, ambako mwaka 1895 Wabukusu walipambana na jeshi la Hobley, Mwingereza aliyekuja na bunduki za Maxim. Haya wengi wameyasoma. Tusilopenda kulitaja ni kwamba askari Wasudani waliomfuata walikuwa Waislamu wenzetu, na kwamba kabla yao ilitangulia misafara ya Waswahili, ikitafuta pembe na watumwa. Hapo Kitale pana duara la mawe ambalo wenyeji husema watumwa walilazwa ndani yake. Kwa hiyo anapokumbuka msemaji wa kumuse, na sisi tumo katika kumbukumbu yake, tena si upande mzuri. Sisi upande wetu, hata Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, aliyehamishiwa Lamu kwa miaka mingi baada ya watu kupigwa risasi Malakisi mwaka 1948, simjui aliyemtungia hata ubeti.

Hata hivyo nisiwapambe wenyeji wangu kupita kiasi. Chetambe ni wepesi kuimba kwa sababu adui alitoka mbali. Nilimwuliza mzee juu ya vita vya Mlima Elgon, vya mwaka 2006 hadi 2008, vilivyotokana na ugawaji wa mashamba ya Chebyuk. Hapo Msabaot alimwua Msabaot. Kundi lililojiita jeshi la kutetea ardhi lilikata watu masikio, na watetezi wa haki za binadamu wanahesabu zaidi ya roho 600 zilizopotea mikononi mwake. Machi 2008 wanajeshi wa serikali wakapanda mlima katika Operesheni Okoa Maisha, wakawashika wanaume kwa maelfu, wengi wakateswa, na wapo ambao jamaa zao wanawangoja mpaka leo. Je, nyimbo zipo?

"Zipo," akasema, "lakini huimbwa ndani ya nyumba. Aliyemkata mtu sikio hununua sukari duka moja na huyo aliyekatwa."

Hapo ndipo penye uzito, na sitajifanya nimeufumbua. Aliye mbali hutaja majina bila hofu. Jirani akitaja, kesho anakutana nayo kisimani. Na kuna hofu ya aina nyingine. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere, si mbali sana na Bungoma, walikatazwa kuonyesha mchezo wao uitwao Echoes of War. Mahakama ikaamuru waruhusiwe; walipofika Nakuru waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kucheza, na mabomu ya machozi yakarushwa. Dola yenye bunduki iliogopa watoto wenye mavazi ya kuigiza! Ila serikali haikuninyamazisha mimi mwaka 1997. Hakuna aliyenikataza kitu. Nilijua tu kwamba wasomaji wangu ni watu wa mtaani kwangu, na baadhi yao waliwaona waliokuwa na mapanga.

Katika basi, kabla hatujafika Eldoret, niliandika ubeti huu:

Likoni kwenye kivuko, mwashi abeba kitanda,
Nyuma auacha mwiko, na dari aliyounda,
Jirani alikuwako, dirishani kajipinda,
Na mimi nilikuwako, wino wangu uliganda.

Nilimtumia mwenyeji wangu amsomee mzee. Jibu lilikuja siku ya tatu. Mzee ameshukuru, lakini anasema lilikuwa godoro, si kitanda. Na mwiko hakuuacha nyuma, aliufunga kiunoni, nao ndio uliojenga nyumba anayokaa sasa. Ubeti nimeurudisha mezani.