Meno yakiingia ganzi, usikimbilie kuyang'oa

Je, wewe hukunja uso kila unywapo maji baridi au chai moto? Kama ni hivyo, nakusihi usikimbilie tembe za dukani wala kuomba jino ling'olewe. Tembe hutuliza kwa muda tu, na jino likishang'olewa halirudi, hata kama halikuwa limeoza.

Jino limefunikwa kwa gamba gumu liitwalo enameli. Chini yake kuna dentini, yenye vijitundu vyembamba vinavyoelekea kwenye neva. Enameli ikilika, au ufizi ukirudi nyuma na kuacha shina la jino wazi, baridi, joto na vitu vichachu huamsha neva hiyo.

Mara nyingi anayeharibu gamba hilo ni mwenye meno mwenyewe. Husugua kwa mswaki mgumu kana kwamba anasugua sufuria, au hutumia majivu na makaa. Hunywa soda kutwa na kunyonya ndimu. Wengine husaga meno usingizini. Wenye kiungulia cha kila mara nao huliwa meno na asidi ya tumbo. Enameli ikiisha haioti tena.

Tiba ya kwanza ni rahisi kuliko meno ya bandia. Nunua mswaki laini na upige meno mara mbili kwa siku, dakika 2 kila mara, bila kukandamiza. Tafuta dawa ya meno yenye floraidi iliyotengenezewa meno yenye ganzi. Nyingi huwa na potasiamu naitreti. Usiiache baada ya siku tatu, kwani huhitaji wiki 2 hadi 4. Ukinywa soda au kula ndimu, suuza kinywa kwa maji, kisha ungoje nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Hata hivyo, si kila maumivu ni ganzi. Ganzi huchoma kwa ghafla na kupoa upesi. Jino likiendelea kuuma muda mrefu baada ya baridi kuondoka, au likikuamsha usiku, huenda limeoza hadi ndani. Muone daktari wa meno. Uso ukivimba, ukapata homa au ukashindwa kumeza, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Ukifika huko, uliza swali moja kabla ya kufungua kinywa: "Daktari, jino hili haliwezi kuokolewa?" Ni haki yako kujibiwa.