Barua hii imetoka wapi?

Na Ngoy Kabamba

Kazi Lubumbashi siku hizi inaingia kwa baruapepe. Vijana wenye bahasha za kaki kwapani bado wanazunguka mjini tangu asubuhi, lakini kwenye geti la kampuni ya migodi mlinzi hapokei tena karatasi. Anawaonyesha anwani iliyobandikwa ukutani na kuwaambia watume huko. Chuo kikuu kinataka baruapepe, benki inaitaka, ubalozi unaitaka, hata semina ya siku mbili haikuandiki jina bila baruapepe. Na kwa kuwa mlango wa kazi umekuwa huo mmoja, matapeli nao wamejipanga hapo hapo.

Juzi mtoto wa jirani, kijana aliyemaliza masomo yake ya umeme, alinijia na simu mkononi. “Papa, banaitika dosie yangu!” Barua ilipendeza kuitazama. Juu palikuwa na jina la kampuni kubwa ya shaba na nembo yake, Kifaransa kimenyooka, mshahara umetajwa kwa dola, na siku ya kuanza kazi Kolwezi imeandikwa kwa wino mzito. Katikati ya hayo mazuri ulikuwamo mstari mmoja mfupi: atume dola 50 za dosie na za vipimo vya daktari kwa nambari ya simu iliyo hapo chini, kabla ya saa kumi jioni. Nililigusa lile jina la kampuni kwa kidole. Ikafunguka anwani iliyokuwa nyuma yake: neno la Kifaransa la kuajiri, tarakimu nne, halafu @gmail.com.

Alikuwa bado hajatuma pesa. Wengine wametuma, na baadhi yao walizikopa.

Simlaumu kijana yule hata kidogo. Nawalaumu waliomwambia atume kwa baruapepe pasipo yeyote kumfundisha baruapepe inasafiri vipi. Katika shule zetu nyingi, somo la informatiki ni picha ya kompyuta iliyochorwa kwa chaki: kibodi hapa, kipanya pale, skrini kule. Mtoto anafaulu mtihani, anapata cheti, lakini hajui kusoma anwani ya barua iliyomfikia. Somo lenyewe halina ugumu wowote, na nitalieleza hapa kwa wale ambao hawakulipata.

Ukibonyeza “tuma”, barua yako haiendi kwenye simu ya unayemwandikia. Inakwenda kwanza kwenye seva, yaani kompyuta kubwa ya shirika linalokutunzia sanduku lako la barua. Seva hiyo inatazama kilichoandikwa kulia kwa alama ya @. Tuseme ni unilu.ac.cd, jina la Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Seva inaliuliza daftari la majina la intaneti: mashine gani inapokea barua za jina hili? Ikishajibiwa, inaitafuta mashine hiyo na kuzungumza nayo kwa maneno machache sana. Inajitambulisha kwa neno HELO. Inasema MAIL FROM, barua inatoka kwa fulani. Inasema RCPT TO, inakwenda kwa fulani. Kila mara mashine ya pili inajibu kwa tarakimu 250, maana yake sawa. Kisha linakuja neno DATA, na barua yote inamiminwa, mpaka ufike mstari wenye nukta moja tu peke yake. Nukta hiyo ndiyo inayosema nimemaliza. Mashine inayopokea ndiyo inayotazama kilicho kushoto kwa @, ili ijue barua iwekwe kwenye sanduku la nani.

Mazungumzo hayo yanafuata kanuni inayoitwa SMTP, ambayo Mmarekani Jon Postel aliiandika mwaka 1982. Alama ya @ ina umri mkubwa zaidi: ilichaguliwa na mhandisi Ray Tomlinson mwaka 1971, alipotuma barua ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET. Watu wa wakati ule walikuwa watafiti wachache waliojuana. Kwa hiyo kanuni yao haikumdai mtumaji athibitishe kwamba yeye ni nani. Alichotamka kiliaminiwa. Tatizo la kijana wetu lilizaliwa humo, miaka mingi kabla yeye hajazaliwa.

Kuna jambo ambalo wengi hawajawahi kuambiwa. Baruapepe ina bahasha na ina karatasi ya ndani, kama barua ya posta. MAIL FROM na RCPT TO ndiyo bahasha, mashine zinaisoma na kuitupa. Jina unaloliona wewe juu ya barua limeandikwa kwenye karatasi ya ndani, na mwandishi anaweza kuandika humo jina lolote analotaka: la kampuni, la askofu, la gavana. Jina hilo halithibitishi chochote. Miaka ya foni, wazee wetu waliposimama mbele ya redio kupeleka habari Kinshasa au Kalemie, mtaa mzima ulisikia, lakini angalau mama aliitambua sauti ya mwanawe. Kwenye baruapepe sauti hiyo haipo. Kilichobaki cha kutazama ni anwani.

Na anwani inasomwa kuanzia mwisho. Kwenye unilu.ac.cd, herufi cd ni za nchi yetu, ac ni ya vyuo, unilu ni jina la chuo chenyewe. Mjanja akisajili jina lake na kulibandika nyuma, akaandika unilu.ac.cd halafu nukta halafu neno jingine na .com, barua hiyo haijatoka chuoni, hata kama macho yameridhika na mwanzo wake. Mwenye nyumba ni yule wa mwishoni. Mtoto wa mwaka wa saba anaweza kujifunza hili kwa nusu saa na akalikumbuka maisha yake yote.

Wahandisi nao hawakukaa tu. Leo mwenye jina la intaneti anaweza kutangaza kwenye lile daftari ni mashine zipi zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina lake. Hiyo ndiyo SPF. Anaweza kuitia kila barua sahihi ya tarakimu isiyoghushika kirahisi, ambayo ni DKIM. Na anaweza kuagiza barua isiyopita vipimo hivyo itupwe, agizo linaloitwa DMARC. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wakubwa, ambao kwa Google ni wanaopeleka barua karibu 5,000 au zaidi kwa siku, wawe na vyote vitatu. Ni kazi nzuri. Lakini tuelewe inachopima: inapima kwamba barua imetoka kweli kwenye jina lililo kulia kwa @. Barua ya yule tapeli wa dola 50 ilipita vipimo vyote bila shida, kwa sababu ni kweli ilitoka gmail.com, na gmail.com ni ya kila mtu. Hakuna mashine itakayomsaidia kijana hapo. Ni lazima yeye mwenyewe ajue kwamba kampuni inayopakia shaba kwenye malori kila siku kuelekea mpaka wa Kasumbalesa haikosi pesa za kununua jina lake.

Hapa ndipo hasira yangu inapohamia kwa wakubwa. Tazama barua za ofisi zetu za serikali, za mkoa na za komini. Chini ya nembo ya Jamhuri, chini ya chui na maneno Haki, Amani, Kazi, utakuta anwani ya Gmail au ya Yahoo. Ofisi ambayo hata mihuri yake ina sheria inatumia anwani ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwa dakika tano akiwa amekaa kwenye benchi. Basi kijana atatofautisha vipi barua ya kweli na ya uongo, ikiwa zote mbili zinatoka mahali pamoja? Nchi hii ina jina lake. Tulikuwa na .zr wakati wa Zaire. Mwaka 1997 tukapewa .cd, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Serikali ina gouv.cd yake. Kila ofisi inayoendelea kuandika kwa Gmail inawafundisha raia, siku baada ya siku, kwamba anwani si kitu cha kutazamwa. Matapeli wanavuna shamba hilo.

Sisemi Gmail ni mbaya. Kwa mtu binafsi imetusaidia mno, na inafaa kujua kwa nini. Sanduku lako la Gmail haliko Lubumbashi wala Kinshasa. Barua unayomwandikia rafiki kutoka Kamalondo kwenda komini ya Kenya, mwendo wa miguu tu, inatoka nje ya nchi kupitia nyaya za Zambia au kebo ya baharini ya WACS iliyofika Muanda, inafika kwenye seva za ugenini, ndipo inarudi. Ndiyo maana maporomoko yaliyotokea chini ya bahari mwezi wa Agosti 2023, kwenye bonde ambamo maji ya mto Kongo yanaingilia, yalikata kebo na kuzorotesha intaneti katika nchi nyingi za upande huu wa Afrika. Lakini umbali huo ulituokoa pia. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini, na ilirudi karibu siku 20 baadaye. Barua tulizoandikiwa siku zile hazikupotea. Zilikuwa zimefika kwenye masanduku yetu ya ugenini, zikatungoja.

Hata seva inayopokea ikiwa imezimika kabisa, kwa mfano seva ya ofisi hapa mjini umeme unapokatika, ile inayotuma haikati tamaa. Inaiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena; kanuni inashauri isiache kabla ya siku nne au tano. Ikishindwa inakuandikia kwamba imeshindwa. Subira hii ni ya asili katika baruapepe. Majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipata baruapepe kabla hawajawa na intaneti: kompyuta yao na ya Chuo Kikuu cha Rhodes cha Afrika Kusini zilipigiana simu, zikabadilishana fungu la barua, zikakata. Mwaka 1994 kwenye chuo hicho cha Zambia ikazaliwa ZAMNET, ikawauzia watu huduma. Chombo kilichovumilia laini za simu za wakati ule kinatufaa sana sisi tunaoishi na umeme wa kubahatisha.

Nigusie pia viambatisho, kwa kuwa vinakula mega za watu maskini. Baruapepe iliumbwa kubeba herufi tu. Mwaka 1992 ikapatikana njia iitwayo MIME, ambayo inaigeuza picha au diploma kuwa mlolongo wa herufi, na kwa kugeuzwa huko faili linaongezeka uzito kwa karibu theluthi moja. Gmail inakomea megabaiti 25. Diploma iliyopigwa picha tano nzito itagoma au itamaliza mega zako. Mwombe mwenye kibanda cha fotokopi akutolee faili moja jepesi la PDF.

Na hicho kibanda cha fotokopi kina habari nyingine, inayoniuma kuliko zote. Vijana wengi hawakufungua anwani zao wenyewe. Walifunguliwa na mwenye kibanda, akaweka neno la siri analolijua yeye, na nambari ya kurejesha akaunti akaweka ya simu yake, ili mambo yaende haraka. Wengi wao walifanya hivyo kwa moyo mwema. Lakini mwenye nambari ile ndiye mwenye sanduku. Barua ya kuitwa kazini ikija, anaweza kuisoma kwanza yeye. Akihama au akibadilisha simu, kijana anafungiwa nje ya anwani aliyoiandika kwenye dosie zake zote. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya siri ya mawasiliano yake. Kama anwani yako ulifunguliwa na mtu, ingia leo, badilisha neno la siri, weka nambari yako. Kama huna simu yako, weka ya mama yako.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Divisheni ya elimu ya mkoa iliingize somo hili mwaka wa saba na wa nane, hata shule isiyo na kompyuta inaweza, kwa sababu simu za walimu zinatosha. Makampuni ya migodi yaandike kwenye kuta za mageti yao, kwa rangi na kwa Kiswahili, jina moja tu ambalo barua zao zinatokea, na yaongeze kwamba hayatozi pesa kwa anayeomba kazi. Ofisi za serikali zihamie gouv.cd.

Na wewe ambaye umeshatapeliwa, usiifute ile barua kwa aibu. Wala usimpelekee mwenzio kwa kuituma mbele, kwani ikitumwa mbele inapoteza mistari iliyogongwa na kila seva iliyopita. Ifungue kwenye kompyuta, siyo kwenye simu. Kwa Gmail ya Kifaransa bonyeza vile vidoti vitatu, chagua “Afficher l'original”, lipakue faili zima na ulipeleke pamoja na mashtaka yako. Peleka pia ujumbe wa simu unaoonyesha dola zilikwenda kwa nambari gani. Anwani ya Gmail inaweza kufunguliwa kwa jina la uongo, lakini nambari ya simu inatakiwa kusajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na mwendesha mashtaka ana haki ya kuiuliza kampuni ya simu ni cha nani.