Safari haijaisha mpaka kamba ifungwe

Kamanyola, Kivu Kusini – Kila mara bato inapozama kwenye maziwa yetu, maneno yetu ni yaleyale: ilijazwa kupita kiasi, watu hawakuwa na jile, upepo ulikuwa mkali. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini kuna swali tunaloliruka: ilizama wapi? Ajali mbili kubwa ambazo watu wa ukanda huu wanazikumbuka hazikutokea katikati ya maji. Zilitokea mlangoni, abiria wakiwa wanaona nchi kavu na pengine sura za ndugu waliokuja kuwapokea.

Tarehe 3 Oktoba 2024, bato MV Merdi ilitoka Minova, huku kwetu Kivu Kusini, ikielekea Goma. Ilivuka ziwa Kivu. Ilipokaribia bandari ndogo ya Kituku ili ishushe watu, iliinama upande mmoja ikapinduka, mita mia chache tu kutoka ukingoni. Siku hiyo hiyo gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitangaza kwamba waliokuwamo walikuwa 278 na waliokufa hawakupungua 78. Viongozi wengine walitoa hesabu tofauti na hiyo.

Miaka sita nyuma, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere cha Tanzania kilitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, ziwa Victoria. Kilitengenezwa kubeba abiria 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika gati ya Ukara. Waliokufa ni 228 na waliookolewa ni 41. Rais Magufuli aliwaambia wananchi kwamba nahodha mwenyewe hakuwa kwenye usukani. Alikuwa amemwachia mtu asiye na mafunzo.

Maoni yangu ni haya: kwenye maziwa yetu tunamhukumu kapiteni kwa namna anavyovuka, lakini kazi yake ngumu ni kuingia bandarini. Mita mia za mwisho ni ufundi wa peke yake. Unafundishwa, unapimwa, na abiria naye ana sehemu yake ndani yake. Hapa kwetu watu wachache sana wanaudai ufundi huo.

Mtu anaweza kuuliza: Kamanyola haina ziwa, inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Tuko kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Bukavu na Uvira, na Ruzizi yetu inatoka Kivu inamwagika Tanganyika. Mchele na nyanya za bonde hupanda kamyo mpaka Bukavu, na vingine huendelea kwa bato. Tena vita vimetufundisha safari za maji. Mwanzoni mwa 2024, barabara ya Sake na Minova ilipokatwa na mapigano, chakula na watu vilihamia ziwani. Leo kuna familia ambazo baba yuko Bukavu, mama yuko Goma, watoto wako Baraka au Kalemie. Njia ya kukutana ni maji. Kwa hiyo maoni haya nawaandikia kwanza ninyi mliokimbia makwenu, maana ninyi ndio mnaopanda bato bila kuchagua.

Sasa tuangalie ufundi wenyewe, maana mtu hawezi kudai kitu asichokijua.

Huko Mombasa, Dubai na kwingineko kwenye pesa nyingi, matajiri wana mashua za starehe zenye mota mbili chini, moja kulia na moja kushoto, zikiwa mbalimbali. Mota hizo si za kasi peke yake. Kapiteni akifika bandarini anaacha usukani ukae katikati, halafu anaendesha kwa mikono miwili juu ya vishikio vya mota. Akisukuma mota ya kulia mbele na ya kushoto nyuma, pua ya mashua inageuka kushoto, na mashua inazunguka palepale ilipo, kama mtu anayegeuka kwa kisigino. Akibadilisha, inageuka kulia. Propela zake mbili huzungushwa kwa kupingana, ili moja ifute mvuto wa upande wa mwenzake.

Wengine wameongeza msaada wa tatu: propela ndogo iliyofichwa ndani ya bomba linalopita mbele ya mashua kutoka ubavu mmoja mpaka mwingine. Inaitwa thrasta. Kapiteni akibonyeza kitufe, pua inasukumwa pembeni, kulia au kushoto, bila mashua kwenda mbele. Ukisikia hivyo unadhani kazi imekwisha, mtoto yeyote anaweza kuegesha. Sivyo. Thrasta ya umeme hutumiwa kwa sekunde chache chache. Ukiing'ang'ania inapata moto na kujizima, pengine pale unapoihitaji zaidi. Na mashua ikiwa bado na mwendo, hata ule wa mtu anayetembea kwa miguu, thrasta inapoteza nguvu yake. Yaani chombo hicho cha bei kubwa kinamsaidia tu yule ambaye tayari amejua kupunguza mwendo.

Ndiyo maana watu wenye mashua hizo, pamoja na mota mbili na thrasta, bado wanalipa mwalimu. Wanajifunza mambo ambayo hayahitaji umeme. La kwanza ni kusimama mbali kidogo na kuangalia upepo kabla ya kuingia: bendera inaelekea wapi, moshi unaelekea wapi, mawimbi yanapiga upande gani. Upepo ukikusukuma kuelekea gati, unasimama sambamba nayo na kuuacha ukulete polepole. Ukikusukuma kutoka gatini, unaingia kwa pembe kali zaidi na kamba yako ya kwanza inakuwa tayari mkononi. La pili ni mwendo: unaingia kwa hatua za mzee anayetoka kanisani. La tatu ni kamba. Kamba moja fupi kutoka katikati ya mashua ikishafungwa ukingoni, mota ikisukuma mbele taratibu, inaibana mashua kwenye gati na kuituliza mpaka nyingine zifungwe. La nne ni ujasiri wa kurudi nyuma: ukiona umeingia vibaya, toka, zunguka, anza upya. Hakuna aibu.

Rudi sasa kwenye ziwa letu. Bato nyingi za mbao zina mota moja. Chombo cha propela moja kikirudi nyuma, mkia wake huvutwa upande mmoja, na kapiteni hana mota ya pili ya kuusahihisha. Halafu juu ya hapo kuna magunia, mbuzi, godoro, na watu wamesimama. Kama tajiri mwenye abiria wanne na thrasta anahitaji kufundishwa, je, huyu mwenye watu mia mbili na mota moja?

Zipo pia mashua za kasi kati ya Bukavu na Goma, zile tunazoziita kano rapidi, na nyingine zina mota mbili nyuma. Mota hizo husifiwa kwa sababu moja: zinafika haraka. Lakini thamani yao kubwa ni kwamba moja ikizima karibu na mawe, ya pili inakutoa. Na zikiwa zimefungwa karibu karibu, nguvu yake ya kuzungusha chombo kwa kupinganisha ni ndogo. Kapiteni lazima ageuze mota zenyewe kwa usukani kwanza, ndipo atie gia. Anayezizoea mashua za aina moja akipewa nyingine bila mazoezi, anajifunza juu ya migongo yetu.

Kuna wanaonijibu: ndugu mwandishi, tatizo ni kujaza, usilete habari za ufundi. Nakubali kwamba kujaza ni mzizi wa ubaya. Lakini angalieni jinsi kunavyoua. Bato iliyojazwa inaweza kwenda saa nyingi ziwani ikiwa imetulia, maana inakwenda moja kwa moja na watu wamebanana bila kusogea. Inapofika, mambo matatu yanatokea kwa mara moja. Kapiteni anageuza, na chombo kikigeuzwa kwa kasi kinalala upande. Kapiteni anatia mota nyuma ghafla, na waliosimama wanayumba. Na abiria wanaona nchi kavu, wanasimama, wanashika mizigo, wanaelekea upande mmoja. Watu 100 wenye kilo 60 kila mmoja ni tani 6. Hebu fikiria mtu akisogeza tani 6 za mchele kutoka ubavu mmoja wa bato mpaka mwingine kwa nusu dakika. Hakuna kapiteni anayeweza kushinda uzito huo, hata akiwa na mota nne. Kujaza kunatega mtego, na kuingia bandarini vibaya kunaufyatua.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji msaada kutoka Ulaya.

Moja: leseni ya kapiteni itolewe bandarini, si ofisini. Apande bato tupu mbele ya mkaguzi, aingie na kutoka mara kadhaa, siku ya upepo. Mwenye mota mbili aingie nazo zote, kisha moja izimwe aingie na iliyobaki. Asiyeweza arudi kujifunza. Makapiteni wazee wa Kivu na Tanganyika wanaojua kazi hii wapo. Walipwe wafundishe vijana badala ya kuwaacha wazeeke na elimu yao.

Mbili: usukani usiachiwe mtu mwingine chombo kinapokaribia. Yaliyosemwa juu ya MV Nyerere yatutoshe. Kama kapiteni ana msaidizi, basi mazoezi yafanyike bila abiria.

Tatu: bandari ndogo ziwekwe magogo imara ya kufungia kamba, matairi ya zamani kwenye ukingo, na mtu mmoja wa kupokea kamba. Magari mabovu yamejaa kando ya barabara zetu. Matairi hatuna shida nayo. Ada wanazolipa abiria na wafanyabiashara kila siku zinatosha kununua magogo. Viongozi wanaozikusanya, wawe nani na wa upande wowote, waonyeshe zimefanya nini.

Nne: orodha ya majina kabla ya kuondoka, nakala moja ibaki nchi kavu. Hili linawagusa waliohama kuliko wote. Mtu wa Kamanyola akizama Kituku na jina lake halipo popote, mke wake ataendelea kumsubiri. Hawezi kufanya matanga, hawezi kudai haki. Hesabu za MV Merdi zilipopishana kwa makumi ya watu, nyuma ya kila tofauti kulikuwa na nyumba isiyojua kama ilie au ingoje.

Najua jibu la wenye bato: tukipakia wachache na tukipoteza muda wa kuingia polepole, bei itapanda, na maskini hatapanda. Hoja hii si ya kudharau, maana mafuta ni ghali na vizuizi ni vingi. Lakini kuingia polepole kunakula dakika kumi tu. Kuwaketisha watu hakuli tone la mafuta. Hata mwenye roho ya biashara peke yake ajue kwamba bato iliyozama hailipi deni. Juu ya jile, baada ya ajali ya Kalehe ya Aprili 2019 Rais Tshisekedi aliagiza kila abiria avae. Agizo zuri. Lakini jile inakusaidia ukishaanguka majini. Kuegesha vizuri kunakuzuia usianguke. Tunataka vyote viwili.

Na sisi abiria, tusijifanye hatumo. Sheria ikichelewa, mwili wako uko chini yako mwenyewe. Mama mwenye watoto, keti chini, katikati, mtoto mdogo afungwe kifuani wala si mgongoni, ili umwone. Vaa jile kabla ya kuondoka na ufunge kamba zake zote. Ukiona nchi kavu, usisimame. Ukisikia vijana wanapiga kelele za kushuka, wakemee kama unavyowakemea nyumbani. Mzigo uache, gunia halitatembea lenyewe. Baba mwenye sauti, itumie: sema kwa nguvu, "Tukae, kamba bado." Papa na mama wakisema hivyo, vijana wa bato watasikia, maana hakuna kijana wa hapa anayeweza kuwapita wazee kumi walioketi.

Na wewe unayesubiri ukingoni, usimwite ndugu yako kwa mikono wala usimkimbilie ndani ya maji. Ukimwita, atasimama. Akisimama yeye, atasimama na wa pembeni yake. Mngoje mpaka uone kamba mbili zimefungwa, ya mbele na ya nyuma, na kapiteni amezima mota. Mmengojana miezi. Ngojaneni na dakika tano hizo.